Fundi Didace na taa za dagaa zilizoiziba masikio simu ya upepo

Saa mbili asubuhi mjini Mpanda, mvua ya usiku bado inachuruzika kwenye bati, na Didace Bigirindavyi amekaa mbele ya meza yake ya kazi bila kushika kitu. Mikono yote miwili ameilaza mapajani. Anaikagua meza kwa macho kwanza, kitu kimoja kimoja.

Mbele yake kuna bodi ya umeme ndogo kuliko kiganja, iliyotolewa ndani ya taa ya kuvulia dagaa. Kando yake kuna kifaa chenye kioo kidogo cha kupimia mawimbi, cha kuazima, alichokizungushia mpira wa tairi kisivunjike kikidondoka. Kati ya viwili hivyo kuna ganda la kalamu lililokatwa, na ndani ya ganda hilo vitu viwili ambavyo mtu asiyejua angevifagia akavitupa: kapasita moja na rezista moja.

Anahakikisha saplai yake ya umeme iko sifuri. Anaunga waya wa hasi kwanza, kisha anaunga ncha ya ganda la kalamu kwenye njia ya umeme ya bodi. Ndipo anaanza kuzungusha kitufe cha saplai, polepole, volti moja moja, macho yakiwa kwenye kioo.

Mteja amesimama mlangoni na redio iliyopasuka. Didace hamgeukii. Mteja anasubiri, anachoka, anaiweka redio chini na kwenda zake. Majirani wamezoea, fundi akiwa anapima, hata padri angeambiwa asubiri.

Volti kumi na mbili. Taa inawaka chini ya bakuli la plastiki alilolifunikia isimuumize macho. Kwenye kioo, mstari uliokuwa umelala unanyanyuka na kuota miiba kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Umeiona?" anamwambia mwandishi wa makala haya kwa sauti ya chini. "Hii ndiyo ilikuwa inapiga kelele. Sikio la mtu haliisikii. Simu ya upepo inaisikia, tena inasikia hiyo tu."

Kisha anarudisha saplai sifuri, taratibu vilevile alivyoipandisha, na kuinamisha kichwa. Kwenye gunia lililoko sakafuni kuna taa nyingine za namna hiyo, zimeletwa kutoka Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwaka jana taa za aina hii zilichangia vifo vya watu watatu. Mmoja wao alikuwa shemeji yake.

Didace ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Katumba, katika familia ya wakulima waliotoka Burundi, ambao leo ni Watanzania na wana vitambulisho vyao. Ufundi hakuusomea darasani. Aliupata kwa kumfuata fundi mmoja wa Tabora aliyekuwa akishuka na treni kila msimu wa mavuno, wakati watu wana hela ya kutengenezesha redio. Fundi yule alipoacha kuja, Didace akafungua kibanda chake karibu na stesheni, na mpaka leo yupo hapohapo.

Siku nzuri anabaki na shilingi elfu kumi na tano. Siku za mvua anaweza kufunga na elfu tatu. Anasema hilo bila kulalamika, na mwandishi wa makala haya alipojaribu kumhoji zaidi kuhusu ugumu wa maisha alionekana kuchoka. Ugumu anaouzungumzia yeye ni mwingine.

Mke wake ni Emerensiana, Mpimbwe, binti wa wakulima wa mpunga. Emerensiana ana mdogo wake wa kike, Tereza, na alikuwa na mdogo wake wa kiume, Telesphor. Wote watatu ni wa tumbo moja. Tereza na Telesphor walihamia Ikola kutafuta riziki, Telesphor akawa mshika taa katika mtumbwi wa dagaa, na Tereza akawa sauti ya mwalo, pale mitumbwi inapofikia na kushusha samaki.

Kazi ya Tereza ilikuwa hivi. Ufukweni palikuwa na chumba kidogo chenye simu ya upepo, ile redio ya kuitana kwa mbali, na kila mtumbwi ulikuwa na ya kwake, iliyofungwa kwenye betri ileile inayowasha taa. Upepo mbaya ukianza kwenye mialo ya kusini, Tereza alipigiwa simu ya kawaida, naye aliwaita wavuvi walioko mbali, kule ambako simu za mkononi hazishiki mtandao, awaambie warudi.

Mradi ulioleta simu hizo ulizijaribu mbele ya kijiji kizima. Ilikuwa mchana kweupe. Mitumbwi ilikwenda mbali mpaka ikaonekana vidoa, Tereza akaita, wote wakaitika, kina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyefikiria kuwasha taa. Nani awashe taa ya dagaa saa sita mchana? Angechekwa mwalo mzima.

Kuna jambo la pili, nalo ni la desturi. Wavuvi wa pale wanaamini dagaa hawapendi makelele. Taa zikishawaka na samaki wakianza kukusanyika chini ya mwanga, watu hawasemi ovyo, hawagongi mbao, wala hawaitiki kwenye simu mpaka wavu uingie ndani. Kwa hiyo Tereza aliita, nao hawakumjibu, na haikuwa ajabu. Alizoea kusema na watu wasiomjibu, kisha asubuhi wakarudi salama na kumtania kwamba bila shaka jana aliwapigia kelele kama mke mwenye wivu.

Usiku mmoja wa Septemba mwaka jana upepo ulianza kusini. Tereza akapigiwa simu, akaita. Mitumbwi iliyokuwa karibu na nchi kavu iliuona yenyewe ukija, ikarudi. Mtumbwi wa Telesphor ulikuwa mbali kuliko yote, na taa zake zilikuwa zimekusanya samaki vizuri. Ulipinduka ukiwa na watu wanne.

Aliyetoka hai ni nahodha, Maiko, ambaye alishikilia dumu tupu la mafuta mpaka alipookotwa. Telesphor na wenzake wawili walipatikana siku zilizofuata, mmoja mmoja, ziwa lilivyopenda kuwarudisha.

Maiko alipoweza kusema, alisema neno moja tu kuhusu simu ya upepo: ilikuwa inawaka kitaa chake cha kijani, lakini haikutoa sauti.

Neno hilo ndilo lililomzika Tereza akiwa hai.

Kamati ya mwalo ilikaa. Mwenyekiti wake, mzee Ngusa, Msukuma aliyehamia Ikola na ng'ombe akaishia na mitumbwi, si mtu mbaya. Alitaka haki itendeke na alitaka itendeke haraka, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Tereza alipojitetea kwamba aliita mpaka sauti ikakauka, kamati ilisema basi tujaribu. Wakachukua simu kama ile, wakaifunga kwenye betri pamoja na taa zilizowashwa, wakaiweka mchangani hatua chache kutoka chumba cha Tereza. Akaambiwa aite. Sauti yake ikatoka safi, kila mtu akaisikia.

Jaribio likawa limekwisha. Kama taa zimewaka na simu inasikia, basi siku ile hakuna aliyeita. Mwanamke alilala. Walimnyang'anya ufunguo wa chumba palepale, na wapo waliosema ashukuru hawakumpiga.

Kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, wanawake wenzake walimpa mgongo. Kwao si usemi tu. Mtu akija kuanika, wanageuka kweli na kuendelea na kazi wakiwa wamemwelekezea migongo. Tereza alivumilia kwa muda, akaondoka. Akaenda Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda, akakodi kipande cha shamba la mpunga, akawa anaishi umbali wa safari moja ya bodaboda kutoka kwa dada yake, na dada yake hamtaki.

Siku ya kuondoa tanga la Telesphor, ndugu wote walinawishwa mikono kwa maji ya chombo kimoja kabla ya kula pamoja. Emerensiana ndiye aliyeshika kile chombo kwa sababu ndiye mkubwa. Alinawisha watu wote. Alipofika kwa Tereza, alipita.

"Nilikaa pale nikaona kwa macho yangu," anasema Didace. "Mimi ni mkwe, sina neno katika mambo ya ukoo wao. Lakini usiku ule sikulala. Nilijiuliza, kama huyu mtoto aliita kweli, sisi tunafanya nini?"

Hivyo ndivyo Didace alivyoingia kwenye kazi ya kupima. Hakuingia kwa kupenda ufundi tu, ingawa anaupenda. Aliingia kwa sababu nyumba yake ilikuwa imepasuka. Mke wake alikuwa akipika, akila na kwenda kanisani, lakini ukitaja jina la Tereza, anasimama na kutoka nje.

Shida ilikuwa kwamba jaribio la kamati lilionekana la kweli hata kwa fundi. Didace alishuku taa, maana mafundi wote wanajua kwamba taa za siku hizi zina bodi inayokata umeme kwa kasi ili kuuongeza au kuupunguza, na ukataji huo hutoa kelele. Redio ya kawaida ikiwekwa karibu na taa hizo inakwaruza. Lakini kule mchangani taa zilikuwa zinawaka, na simu ilisikia. Aende kusema nini?

Alikuwa na kifaa chake mwenyewe cha kupimia mawimbi, alichoagiza Dar es Salaam baada ya kudunduliza muda mrefu. Mwezi wa kumi na mbili alipata taa moja ya mtumbwi, akaiunga na betri, akataka kuona kelele iliyoko kwenye njia yake ya umeme. Akachukua waya wa kifaa akaugusisha moja kwa moja.

"Nilikuwa na hasira, na hasira haipimi," anasema. "Mdomo wa hiki kitu umeumbwa kunusa, haukuumbwa kula. Mimi nikaulisha volti kumi na mbili za betri, zote, kwa mkupuo."

Hakuna moshi uliotoka. Kioo kiliendelea kuwaka vizuri, vitufe vilifanya kazi, mstari ulikuwepo, umelala chini umetulia. Didace alifurahi kwa muda mfupi, akidhani taa haina kelele. Kisha akaisogeza redio karibu na taa, redio ikakwaruza vibaya, na mstari kwenye kioo haukutikisika. Kifaa kilikuwa kizima kwa nje, na ndani kimekuwa kiziwi.

Ndipo alipokaa kwenye stuli, kwa sababu alikuwa ameliona jambo ambalo Maiko alilisema na hakuna aliyelielewa. Kitaa cha kijani kinawaka, sauti hakuna. Kitu kinaweza kuwaka na kisisikie.

Kifaa cha pili alikiazima kwa Audace, ndugu yake wa Katumba anayetunza mitambo ya redio moja ya jamii. Audace alikitoa kwa shingo upande, na hawezi kulaumiwa, maana habari za kile cha kwanza zilikuwa zimemfikia. Kabla ya kukiachia alimkalisha Didace chini akamwelekeza namna ya kupima bila kuua, na Didace, fundi wa miaka yote hiyo, alikaa akasikiliza.

Maelekezo yenyewe si mengi. Kati ya bodi na mdomo wa kifaa lazima pawe na kapasita, kwa sababu kapasita inauzuia umeme uliosimama na kuupitisha ule unaotetemeka, na kelele ni mtetemo. Lazima pawe na rezista pia, ya kupunguza nguvu, ili hata ule mtetemo usije kwa kishindo. Tena kapasita peke yake haimwokoi mtu mwenye pupa: umeme ukiwashwa kwa ghafla, ule mshtuko wa kwanza unapenya. Ndiyo maana Didace huunga kila kitu kikiwa baridi, kisha anaupandisha umeme kutoka sifuri. Akimaliza anaushusha, anasubiri kapasita imwage ilichobeba, ndipo anachomoa.

Vyote hivyo akavipanga ndani ya ganda la kalamu, ili mkono usije ukasahau kimoja.

Alipopima safari hii, miiba ikaonekana. Kelele ilikuwa imejaa kwenye njia ya umeme ya taa, na kwa kuwa simu ya upepo ilikunywa kutoka betri ileile, ilikuwa inaibeba tumboni. Ilifika mpaka kwenye masafa yaleyale ambayo Tereza alikuwa akiita.

Na mchangani je? Didace anaeleza kwa mashine ya kukoboa mpunga, kitu ambacho kila mtu wa Katavi amesimama karibu nacho.

"Mashine ikiwa inanguruma, mtu akikusemea sikioni unamsikia. Ila aliyeko barabarani akikuita, anaita bure. Mashine ni ileile, makelele ni yaleyale. Kamati walimweka Tereza sikioni kwa simu, wakasema mbona inasikia."

Hapo mtu angedhani kazi imekwisha, fundi abebe kioo chake aende Ikola, watu watubu. Mambo hayakwenda hivyo, na ukweli ni kwamba yasingekwenda popote kama si Maiko.

Katikati ya Januari Didace alikifikisha kifaa Ikola kikiwa kimefungwa ndani ya blanketi. Kamati ilikusanyika kwenye banda la mnada. Alipima mbele yao, taratibu zile zile, huku mzee Ngusa akimuuliza mbona anachelewesha. Miiba ikaota kwenye kioo. Watu wakainama kutazama, kisha mzee Ngusa akasema kwa haki kabisa kwamba yeye anaona mistari. Mistari haimwambii kama mwanamke yule aliita au alilala. Tena, kama kelele ni kubwa hivyo, mbona manahodha wote hawajawahi kulalamika kwamba simu zinakwaruza huko mbali?

Swali hilo lilikuwa zuri. Didace si mvuvi na hajawahi kukesha ziwani.

Manahodha waliokuwa wamesimama ukutani walitazama chini. Mwandishi wa makala haya amezungumza na wanne kati ya hao, na kila mmoja alikiri kwamba wakati ule jibu alikuwa nalo. Hakuna aliyetaka kulitoa wa kwanza.

Maiko ndiye aliyesogea mbele. Tangu ajali alikuwa hajarudi ziwani. Alikuwa akishona nyavu za watu. Alikitazama kioo muda mrefu.

"Zinakwaruza," alisema. "Taa zikiwaka tu, inakwaruza shiii mpaka unaona dagaa watakimbia. Sasa kuna kile kitufe kidogo pembeni. Ukikizungusha, mlio unakata, panakuwa kimya. Nilikizungusha mimi. Telesphor aliniambia, kaka, punguza hiyo, samaki wanakuja. Nikazungusha mpaka mwisho."

Kitufe hicho kipo kwenye kila simu ya namna ile. Kazi yake ni kuinyamazisha simu wakati hakuna anayesema. Ukikizungusha kidogo, kinakata mikwaruzo. Ukikizungusha sana, kinakata na sauti ya mtu aliye mbali. Kelele za taa ni kubwa, hivyo kuzinyamazisha kulihitaji kuzungusha sana.

Mzee Ngusa aliwauliza wale wa ukutani kama na wao huzungusha. Mmoja akaitikia kwa kichwa, kisha wote. Kila mtumbwi wa Ikola ulikuwa ukivua hivyo tangu simu zije. Kwa misimu miwili Tereza alikuwa akiliita ziwa zima, na wote aliowaita walikuwa wamejiziba masikio kwa heshima ya dagaa.

Inasikitisha, na inatia hasira. Watu wazima walikijua kitufe kile na walimwacha mwanamke abebe maiti tatu, kwa sababu kukitaja kungekuwa ni kujitaja. Mmoja wao alimwambia mwandishi kwamba hakujua kama jambo lile lina maana. Labda. Lakini migongo aliyogeuziwa Tereza waliiona, maana ilikuwa ya wake zao.

Kamati ilitamka siku ileile kwamba Tereza hana hatia. Iliamua pia kwamba taa zipelekwe Mpanda kwa zamu, fundi aziwekee kizuizi cha kelele. Kuhusu nani aende Mwamkulu kumwambia mwenyewe, kikao kilifungwa bila kulizungumza.

Didace alirudi nyumbani akamweleza mke wake, yote, kuanzia kioo mpaka kitufe. Emerensiana alikuwa akichambua maharage. Alimaliza kuchambua, akaenda kuvaa viatu vya kutembelea, akachukua kile chombo cha kunawia, akasimama mlangoni. Wakaenda Mwamkulu wawili.

Walimkuta Tereza shambani, maji yakiwa yamemfika chini ya magoti, anapalilia mpunga. Alipomwona dada yake aliacha kazi, lakini hakutoka kwenye maji. Emerensiana aliingia na viatu vyake. Akachota maji ya jaruba lilelile, akamnawisha mdogo wake mikono, akilia kwa sauti mpaka watu wa mashamba ya jirani wakasimama.

Didace anasema angependa habari iishie hapo. Alidhani amemletea shemeji yake zawadi.

Walipokaa kwenye tuta, Tereza aliomba aelezwe vizuri. Didace akaeleza kuhusu taa, kelele na kitufe. Tereza alisikiliza huku akijikwangua matope kwenye mkono. Kisha akauliza swali ambalo fundi huyu anasema hakuwa amejiandaa nalo hata kidogo.

"Kwa hiyo Telesphor hakunisikia."

"Hakukusikia, shemeji."

"Hata mwanzoni?"

"Kitufe kilikuwa kimeshazungushwa."

Tereza akawaeleza jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata pale mchangani walipomwita mwongo. Siku ile, alipoona upepo umeshafika, aliacha kuita kwa utaratibu wa kazi. Alimwita mdogo wake kwa jina. Alimwita kwa Kipimbwe, kama mama yao alivyokuwa akimwita kutoka shambani, akamwambia asiogope, ashike mbao, na yeye yuko hapa hatoki. Alisema hivyo mpaka alfajiri.

"Wao walisema sikuita, mimi nilijua niliita," alisema. "Hilo halikuniua. Nilikuwa najipa moyo kwamba yule mtoto hakufa peke yake, nilikuwa naongea naye. Sasa mnaniambia alikuwa peke yake."

Didace anapofika hapo anaacha kusimulia na kuinuka kutafuta kitu kisichokuwepo kwenye rafu. Alikwenda na kipimo kilichomsafisha mtu, na kipimo hichohicho kikamnyang'anya kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Emerensiana ameshapatana na mdogo wake na siku hizi wanapalilia pamoja. Hilo ni jema. Lakini Tereza hasemi sana, na usiku, dada yake anasimulia, anaamka anakaa.

Sasa ni mwezi wa pili, na kazi iliyobaki ni ya mikono. Kila taa inayofika kibandani Didace huipima kwanza, kisha huweka koili aliyoisuka kwenye pete ya sumaku iliyotolewa kwenye televisheni mbovu, pamoja na kapasita mbili, akapima tena. Asubuhi hii, taa iliyoota miiba imerudi mezani ikiwa na koili yake. Anapandisha saplai kutoka sifuri. Mstari unabaki karibu na chini.

Haijafika kila taa. Baadhi ya manahodha wanadai koili inapunguza mwanga, jambo ambalo si kweli. Wengine hawadai chochote, wanaendelea tu kwenda ziwani na taa zao kama zamani. Didace hana uwezo wa kuwalazimisha na anakiri kwamba upepo mwingine ukija kabla hawajabadilika, watakufa wengine kwa namna ileile.

Giza lijalo, mwezi utakapopotea na mitumbwi kutoka, kamati inataka kufanya jaribio jipya: mbali kabisa, taa zote zikiwa zimewaka, simu ikiwa kwenye betri yake yenyewe. Mzee Ngusa amekuja Mwamkulu mwenyewe, kofia mkononi, kumwomba Tereza arudi kwenye chumba chake siku hiyo awe yeye wa kuita. Atakayekaa mtumbwini na simu ni Maiko, ambaye amekubali kuingia ziwani kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Tereza ametoa sharti moja. Akiita, ajibiwe papo hapo, kwa sauti, hata kama wavu umejaa na dagaa wote wa Tanganyika wako chini ya taa. Manahodha bado wanabishana kuhusu sharti hilo. Wapo wanaosema samaki watakimbia.

Didace anakizima kioo, anafunga mpira wake wa tairi na kukiweka juu ya kabati. Anaulizwa anatumaini nini.

"Taa nitazimaliza, Mungu akinipa macho," anasema. "Ila mimi naomba kitu kidogo tu. Shemeji aite, na mtu aitike."